Klabu ya wanyamapori chuoni: baada ya safari ya Jozani, tufanye nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Unguja, na ni katibu wa klabu yetu ya uhifadhi wa wanyamapori. Kila mwaka mpya hujiandikisha watu wengi, ikifika Disemba tumebaki wachache. Mwaka huu tumekwenda msitu wa Jozani, tumesafisha ufukwe, tumepanda mikoko na karibu yote imekufa. Mlezi wetu anataka mpango wa mwaka ujao, na wenzangu wanataka safari nyengine, mara hii Mikumi. Klabu kama yetu hasa inatakiwa ifanye nini? Tuna wenzetu Pemba pia, wanataka kuanzisha tawi.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na Mikumi, maana naona ndiyo inayowagawa. Mkipata nauli nendeni. Kijana wa Unguja akishamwona tembo kwa macho yake hasahau, na hilo lina faida yake. Ila msiiandike kwenye mpango mkaiita kazi ya mwaka. Kazi ya klabu ya chuo ipimwe hivi: mwisho wa mwaka, kuna jambo gani kuhusu mnyama fulani ambalo watu wanalijua kwa sababu nyinyi mlikuwapo? Jozani mlikwenda, muongozaji akawaeleza, mkapiga picha, mkarudi na maelezo yale yale anayorudi nayo mgeni wa hoteli. Mmefurahi, na mlango wa msitu umeingiza chochote. Lakini msitu haujapata jipya kutoka kwenu.

Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote nitakayosema yanatoka humo. Chagueni mnyama mmoja na mahali pamoja panapofikika kwa daladala. Mumhesabu kila mwezi kwa njia ile ile, na hesabu hiyo iendelee hata mtakapokuwa mmeshamaliza chuo na kuondoka.

Vilabu vya aina hii si vipya kwetu Afrika Mashariki. Kenya walianza mwaka 1968, Malihai ikaanza Tanzania Bara mwaka 1980, na mwaka 1991 Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, akaanzisha Roots & Shoots pale Dar es Salaam pamoja na wanafunzi wachache wa sekondari. Vilabu hivyo vililenga zaidi watoto wa skuli, kwa hiyo shughuli zake ni nyimbo, michezo ya kuigiza, miche na ziara, na kwa umri ule inafaa sana. Mwanafunzi wa chuo akifanya hayo hayo, anajipunja. Nyinyi mmesoma takwimu, mnajua kuandika ripoti, mna wahadhiri wa kuwasahihisha, na mna miaka mitatu mfululizo mahali pamoja. Wataalamu wengi wanaokuja na fedha za utafiti hawana hiyo miaka mitatu. Wanakaa miezi kadhaa, wanaondoka.

Kwa chuo kilichoko Unguja, mimi ningemchagua kima punju, yule kima mwenye mgongo mwekundu. Kwa asili hapatikani popote duniani isipokuwa kisiwa hiki. Wale wachache walioko msitu wa Ngezi, Pemba, walipelekwa na watu miaka ya 1970. Hesabu kubwa ya kisiwa kizima iliyofanywa katika muongo uliopita ilipata zaidi ya wanyama 5,800, karibu mara tatu ya walivyodhaniwa. Habari nzuri, lakini ndani yake mna jambo linalokuhusuni: wengi wao wamo ndani ya hifadhi, na waliobaki, ambao nao si wachache, wanaishi nje, kwenye mashamba, makonde yaliyolala na vichaka vya mawe ambavyo kila mwaka vinakatwa kwa kuni, mkaa na viwanja. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, kuna walinzi na watafiti. Nje hakuna wa kuwaangalia kila mwezi. Kundi likitoweka kwenye kichaka cha kijiji, linaweza kupita miaka kabla mtu hajaandika popote kwamba limetoweka. Hapo ndipo klabu inaposhika kazi ambayo haina mwenyewe.

Daladala za Makunduchi na Jambiani zinapita Tunguu kisha zinapita mlango wa Jozani, kwa hiyo usafiri si kisingizio. Tafuteni njia mbili za miguu kwenye mashamba ya jirani na msitu, kila moja ya kilomita moja hadi mbili, ambazo wenyeji wanazitumia. Nendeni asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, watu wanne tu kwa kila njia. Kumi na watano wakienda pamoja hawahesabu, wanazungumza. Tembeeni taratibu, simameni, sikilizeni majani yanavyotikisika juu, kisha hesabuni. Na kila siku ya kazi irudishe ukurasa wa namna hii:

Njia ya kwanza, mwembe mkubwa. Saa 12:40 asubuhi. Mawingu, kusi kidogo. Kima punju 14: wakubwa 9, wadogo 3, wawili hawakuonekana vizuri. Wako juu ya mti wa mkungu, wanakula majani machanga. Mmoja ameshuka kwenye tanuri la zamani, ameokota mkaa, amepanda nao.

Huo mkaa si kichekesho. Majani ya mkungu na mwembe yana kemikali zinazosumbua tumbo, na watafiti walioangalia tabia hii Jozani wanaona kwamba mkaa unazinasa kemikali hizo, ndipo kima wa mashambani wakaweza kula majani ambayo yangewadhuru. Mama humfundisha mtoto kwa kuonekana tu akila. Mwanachama wenu atakayeliona hilo kwa macho yake na kuliandika kwa mkono wake hamtampoteza Disemba.

Mambo matatu kuhusu hesabu yenyewe, kwa sababu hapa ndipo vilabu vingi vinapoharibu. La kwanza ni sifuri. Mkienda msione hata mmoja, andikeni sifuri, pamoja na tarehe, saa na hali ya hewa. Wanafunzi huona aibu, wanaiacha siku hiyo nje ya daftari, na daftari lote linakuwa halifai kitu, kwa sababu anayesoma hawezi kujua kama hamkwenda au mlikwenda msione. La pili, wawili wahesabu kundi moja kila mtu kimoyomoyo, waandike, ndipo waoneshane. Mmoja akiwa na 14 na mwengine 19, hesabuni tena. Tofauti hiyo nayo iandikwe. La tatu ni adabu kwa mnyama. Msimsogelee, msimguse, msimpe ndizi, hata kama wa Jozani wamezoea watu kiasi cha kukaa karibu nanyi. Mafua yetu yanaweza kumwingia. Mwenye kikohozi siku hiyo abaki nyumbani, na wala asione kanyimwa.

Ongezeni barabara. Kwenye kipande kinachopita msituni Jozani magari yalikuwa yanaua kima mara kwa mara, yakawekwa matuta, na vifo vikapungua. Lakini barabara za kusini zinaendelea kuboreshwa na magari yanaongezeka. Klabu inayoandika kila mnyama aliyegongwa, awe kima, komba au njule (yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu), pamoja na mahali hasa alipokutwa, itakuwa na kitu cha kuweka mezani siku watu watakapojadili tuta lijengwe wapi. Dereva wa daladala na utingo wake ni mashahidi wazuri sana hapo, kwa sababu wanapita mara nyingi kwa siku. Waombeni, wapeni namba ya simu ya kutuma picha.

Sasa wenye mashamba. Mtakapoanza kupita kwenye njia zao mtasikia malalamiko, na wana haki ya kulalamika: kima anashuka kwenye mazao, na mkulima hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Msianze kwa kuhubiri. Kaeni barazani, sikilizeni, andikeni ni zao gani, mwezi gani, kiasi gani. Kisha mtakuwa na jambo la kuwaeleza. Katika miaka ya 1990 watafiti walihesabu nazi katika mashamba ya karibu na Jozani, kwa sababu wakulima walisema kima punju wanakula vidaka, yaani nazi changa, na kupunguza mavuno. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 hayakuonesha kwamba mavuno yalipungua. Minazi iliyoliwa vidaka zaidi ilielekea kuzaa zaidi, pengine kwa sababu mnazi huangusha vidaka vingi wenyewe, na kima anapunguza vile ambavyo havingefika mwisho. Lakini nazi si mhogo wala maharage. Mkulima akikwambia amepoteza maharage, usimjibu kwa utafiti wa nazi. Hesabuni maharage.

Na msijifanye askari. Mkikuta mtego, au mbwa wa wasasi wanamfukuza paa nunga, msigombane na mtu. Andikeni mahali, ondokeni, toeni taarifa kwa wanaohusika na misitu. Kazi yenu itasimama kwa miaka ikiwa watu wa kijiji wanawaamini, na imani hiyo huvunjika kwa ugomvi wa siku moja.

Umeniuliza kuhusu mikoko kama kwa kupita, lakini nadhani ndiyo iliyowavunja moyo, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Miche kufa karibu yote maana yake, mara nyingi, ni kwamba imepandwa isipopaswa. Mikoko ina aina nyingi na kila aina ina makao yake kwa jinsi maji yanavyoifikia. Mlilana hukaa mbele kabisa, unaingia baharini. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya magongo, unafuata nyuma yake kwenye tope. Mkandaa uko nyuma zaidi, na mchu unastahimili chumvi kali upande wa nchi kavu. Watu huchukua mbegu ndefu za mkoko kwa sababu ni rahisi kuokota na rahisi kuchomeka, wakazichomeka popote penye uwazi, hata mbele kabisa kwenye nyasi za baharini, ambako mkoko haujawahi kuota. Mawimbi yanang'oa, au kombe na kaa wanamaliza. Na zile nyasi nazo si uwanja mtupu: humo wanakula samaki wadogo na kasa, na humo kinamama huchokoa chaza.

Kabla hamjapanda tena, nendeni mahali pale wakati wa bamvua maji yakishatoka, mkainame. Angalieni chini ya mikoko iliyobaki. Kama kuna miche inayojiotea yenyewe kwenye tope, hapo hapahitaji mkono wenu. Panahitaji kuachwa pasikatwe boriti na kuni kwa muda. Kama mikoko ilikuwepo na sasa hakuna hata mche mmoja unaojiotea, basi kuna kinachozuia, na mara nyingi ni maji: barabara au tuta limeziba mkondo, au mchanga umejaa. Mkifungua mkondo, bahari italeta mbegu yenyewe. Ikibaki lazima kupanda, chukueni mbegu za mkoko zilizokomaa, ambazo shingo yake chini ya kikonyo imeshageuka rangi na zinajitenga kwa mguso. Chomekeni ncha kali chini, theluthi moja tu ndani ya tope. Kisha, na hili ndilo linalosahauliwa, rudini baada ya miezi mitatu, sita na mwaka mkahesabu zilizo hai. Mia moja zilizohesabiwa zina faida kuliko elfu kumi zilizopigiwa picha.

Usafi wa ufukwe si kazi mbaya, ila peke yake hauishi: bahari inarudisha kesho. Gaweni mnachookota kwa aina, pimeni kwa kilo, andikeni, mpelekeeni sheha na wenye hoteli. Basi.

Kuna jambo moja la pwani ambalo ningependa mlichukue kwa uzito mkubwa zaidi, hasa kwa tawi la Pemba. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine wengi wakalazwa. Pemba ilikuwa imeshapata msiba wa aina hiyo mwaka 2021. Nyama ya kasa huweza kuwa na sumu ambayo inadhaniwa inatokana na anachokula baharini. Haionekani, haina harufu, haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga, na hakuna dawa yake. Watoto wadogo ndio wanaozidiwa kwanza. Tunapokwenda vijijini kuwaambia watu wasile kasa kwa sababu sheria inakataza na kwa sababu kasa wanapungua, tunasema kweli, lakini aliyeshika sufuria anawaza chakula cha watoto wake leo. Mwambieni kwanza habari ya watoto wake. Mwambieni kwa heshima, maana kuna waliofiwa, na msichapishe picha za msiba wa mtu. Wanachama wenu wanaosomea uuguzi na afya ya jamii wanafaa kuongoza hili, pamoja na walimu wa madrasa na waganga wa vituo vya afya, wanaosikilizwa kuliko sisi wa viumbe hai.

Tawi la Pemba msilipe kima punju. Wao wana mnyama wao, popo wa Pemba, yule mkubwa anayekula matunda, ambaye hayuko pengine popote. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amewindwa kwa nyama na kukatiwa misitu hadi watu wakadhani wamebaki wachache tu. Wanakijiji wa sehemu kama Kidike wakaamua kuilinda miti anayolala, vilabu vya vijiji vikaundwa, na hesabu za baadaye zikapita 20,000. Naijua mifano michache sana ya mnyama wa visiwa hivi aliyerudi namna hiyo, na aliyemrudisha ni mwanakijiji. Wanafunzi waende kwa hao kama wanafunzi. Waulize nani anahesabu sasa, lini mara ya mwisho, kwa njia gani, kisha wasaidie njia hiyo hiyo, wasilete yao mpya itakayofanya namba za zamani zisilinganike. Popo huhesabika vizuri jioni wanapotoka kwenda kula: watu wanakaa pembe mbalimbali za miti kabla ya magharibi, kila mmoja na kipande chake cha anga, na kila dakika tano anaandika. Na wasikubali kabisa mtu apige makofi mchana ili popo waruke apate picha. Mama mwenye kitoto kifuani akiamshwa juani anachoka bure, na wakisumbuliwa sana wanauhama mti.

Ngezi nako kuna kazi ya ndege. Pemba ina aina nne za ndege wasiopatikana kwengine, akiwemo bundi mdogo anayesikika usiku, na mwanafunzi mwenye sikio zuri hahitaji darubini ya bei kwa kuanzia. Lakini hilo lisubiri, popo kwanza.

Hao wanaotoroka kabla ya Disemba wasikusumbue sana. Wachache wanaokuja kila mwezi ndio klabu. Ila liko jambo la kuwarudishia baadhi yao: si kila mtu anataka kuamka alfajiri kwenda Pete, kijiji cha jirani na Jozani. Mpeni mwenye kompyuta kazi ya kuingiza namba, mwenye mwandiko mzuri ripoti, mwenye mdomo mtamu mazungumzo ya skuli za jirani. Na wapo wa kufanya kazi hapo hapo chuoni: komba wanaolia usiku karibu na mabweni, na kunguru wa India kwenye jaa la takataka. Kunguru huyo aliletwa kisiwani mwishoni mwa karne ya 19, anakula mayai na makinda ya ndege wetu, na idadi yake inafuata taka. Hesabuni kunguru jaani kabla chuo hakijaanza kufunika taka, kisha hesabuni baada yake. Ni utafiti mdogo, wa gharama ya kalamu, na uongozi wa chuo utalazimika kuusoma kwa sababu unahusu uwanja wake.

La mwisho ni daftari, na wewe kama katibu ndiye mwenye dhamana. Lisilale chumbani kwako. Likae ofisini kwa mlezi au maktaba, nakala yake iwe kwenye kompyuta zaidi ya moja. Kila njia iwe na mwanachama wa mwaka wa tatu na wa mwaka wa kwanza wanaokwenda pamoja, ili mkubwa akimaliza, mdogo anajua mwembe mkubwa uko wapi na kundi lile hutokea upande gani. Kila mwaka andikeni ripoti ya kurasa nne, kwa Kiswahili, ipelekeni kwa wanaosimamia misitu na kwa kila sheha ambaye mmepita katika shehia yake.

Na kabla ya yote hayo, barua. Mlezi aiandike kwa karatasi ya chuo kwenda kwa mamlaka ya misitu: njia gani, siku gani, watu wangapi, kwamba hamshiki wala hamnasi mnyama yeyote. Ulizeni hapo hapo kama mnachotaka kufanya kinahitaji kibali cha utafiti, na kama kinahitaji, subirini. Nakala ya sheha msiitume kwa simu. Mpelekeeni wewe na mwenzako mkononi, mkae, mjibu atakachouliza, na mumuombe awatajie mwenye shamba la kwanza mtakalopita.